Tom Mboya na Elimu ya Mtu Mzima



Ni ada ya kurasa hizi kueleza maisha ya watu waliotangulia. Hatufanyi hivyo kwa kutaka kuwasifu wafu, kwani wao wamekwisha kuyafikia waliyoyatanguliza. Twafanya hivyo ili walio hai wazingatie. Aghlabu huwataja maulamaa wa pwani yetu. Mara hii twamtaja mtu ambaye si wa dini yetu wala si wa pwani yetu, naye ni Thomas Joseph Mboya, aliyeuawa katika mji wa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akiwa hajatimiza miaka thelathini na tisa.

Huenda msomaji akauliza: tuna nini sisi na mtu huyu? Jawabu ni kwamba hekima huokotwa popote ionekanapo, na katika maisha ya Mboya mna jambo ambalo sisi twalihitajia sana. Watu wengi wamjua Mboya kwa siasa na kwa kifo chake. Wachache wamtazama kama mwanafunzi. Nasi twaona kwamba hapo ndipo penye faida, kwa kuwa Mboya alipata sehemu kubwa ya elimu yake akiwa mtu mzima mwenye kazi, kisha akatengeneza njia ya kuwasomesha watu wazima wengine. Maisha yake yaonyesha kwamba mtu mzima haelimiki kwa kuhimizwa tu. Huelimika akifunzwa kwa namna inayomwelekea, na akishikwa mkono mpaka avuke.

Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 Kilima Mbogo, karibu na Thika, katika shamba la katani la mzungu. Baba yake, Leonard Ndiege, alikuwa nyapara wa shamba hilo, na asili yao ni kisiwa cha Rusinga katika ziwa la Victoria. Kwa kuwa alikulia mbali na kwao, alijifunza lugha za watu aliokaa nao, na alipokuwa mkubwa aliweza kusema na makabila mengi ya Nairobi, na Kiswahili chake kilikuwa chepesi mbele ya umati.

Alianza kusoma katika shule ya misheni ya Kabaa, Ukambani. Vibao havikuwapo, na watoto walijifunza herufi kwa kuziandika mchangani chini ya mti. Wazee wetu waliopita chuoni kwa ubao na wino wa masizi hawatalistaajabia jambo hili. Kutoka hapo alikwenda Yala mwaka 1942, kisha Mangu mwaka 1946. Alifaulu mtihani wake mwishoni mwa mwaka 1947, walakini fedha za kuendelea mpaka cheti cha Cambridge hazikupatikana, na nyuma yake walikuwako ndugu waliotaka kusomeshwa. Basi mlango wa shule ukafungwa kwake angali kijana, kama ulivyofungwa kwa maelfu ya vijana wenzake. Mlango huo haukufungwa na upungufu wa akili. Ulifungwa na upungufu wa mali. Na tofauti ya mambo haya mawili ndiyo tuitakayo msomaji aiweke moyoni mpaka mwisho wa maneno yetu.

Mwaka 1948 Mboya aliingia katika mafunzo ya mabwana afya yaliyokuwa yakitolewa Kabete, katika chuo kilichoitwa Jeanes. Chuo hiki kina khabari yake. Kilianzishwa mwaka 1925 kwa kufuata mfano wa mashule ya watu weusi wa kusini ya Marekani, na jina lake ni la bibi mmoja wa Philadelphia, Anna Jeanes, aliyetoa mali yake kwa ajili ya masomo ya watu hao. Walimu waliokuja kufunzwa hapo mwanzoni walikuja pamoja na wake zao, wakakaa katika nyumba ndogo ndogo mfano wa kijiji, na waliyofunzwa darasani waliyatenda kwa mikono yao. Baada ya vita vya pili chuo hicho kilipokea watu wazima wa namna nyingi, na baadhi yao ni askari waliorudi vitani.

Bwana afya hafunzwi kwa kukariri. Hana budi kuitazama nyama akajua kuwa ni mbovu, kuipima maziwa yaliyotiwa maji, kukitambua kisima kichafu, na kumweleza mwenye nyumba makosa yake bila ya kumvunjia heshima. Haya hayapatikani ila kwa kutenda mbele ya mwalimu, kukosea, kusahihishwa na kutenda tena. Mboya alifuzu mwaka 1950, na hapo chuoni wanafunzi wenzake walimchagua kuwa mkubwa wa baraza lao. Alitoka na cheti cha kazi, na zaidi ya cheti alitoka na mazoea ya kupeleleza jambo kabla ya kulisema.

Baraza la Mji wa Nairobi lilimwajiri mwaka 1951. Mshahara wake ulikuwa ni sehemu ndogo tu ya mshahara wa mzungu mwenye kazi hiyo hiyo. Siku moja alikuwa peke yake katika chumba cha kupimia maziwa, akaingia bibi wa kizungu na chupa yake. Bibi yule alitazama huku na huku, kisha akauliza kama mna mtu mahali pale, ilhali Mboya amesimama mbele ya macho yake. Mboya hakuisahau siku hiyo. Alifahamu kwamba cheti peke yake hakimfanyi mtu aonekane.

Wakati huo alikaa Ziwani, katika mitaa ya mashariki ya Nairobi iitwayo Eastlands. Wengi wetu tuna jamaa katika mitaa hiyo, kwani Pumwani na Majengo yake, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, ilijaa Waislamu na watu wa Kiswahili, na mpaka leo mna njia iitwayo Digo Road. Baadaye pakajengwa Shauri Moyo, Ziwani, Starehe, Kaloleni, Makongeni, Bahati na mingineyo. Nyumba nyingi zilikuwa za chumba kimoja, na chumba kimoja kililaza watu kadhaa. Mji ulimtaka mfanyakazi kwa nguvu zake za mchana, na ulimhesabu kuwa ni mpita njia ambaye kwao ni shamba. Kwa hivyo mtu mzima aliyetaka kusoma usiku hakuwa na meza, hakuwa na taa yake peke yake, wala hakuwa na utulivu. Alichokuwa nacho ni ukumbi wa mtaa. Pumwani palikuwa na ukumbi wake, na Kaloleni wake, na humo watu walisikiliza hotuba, walijadiliana, na walisoma.

Katika hali hiyo Mboya alijiandikisha kwa masomo ya posta katika chuo cha Afrika Kusini kiitwacho Efficiency Correspondence College, akasoma uchumi. Ndugu zetu wa makamo wayajua masomo haya ya posta. Vitabu huja kwa barua, mwanafunzi huandika majibu yake, huyapeleka, kisha hungoja majuma mengi mpaka yarudi na alama nyekundu. Faida yake ni kubwa, kwani humfikia mtu ambaye shule imemkataa, na humwacha na kazi yake. Ama ila yake ni upweke. Anapokwama katika jambo la ukurasa wa tatu hana wa kumuuliza, na barua itakapofika amekwisha kukata tamaa. Mtu husemwa kuwa mvivu kwa sababu hakumaliza, na hali yeye alikuwa kama mtu aliyetiwa katika dau bila ya kasia.

Mboya alipata kasia yake katika chama cha wafanyakazi. Aliongoza jumuiya ya wafanyakazi Waafrika wa Baraza la Mji, akaigeuza kuwa chama kamili, na mwaka 1953 akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya Kenya nzima. Hali ya hatari ilikuwa imekwisha kutangazwa mwezi wa Oktoba 1952, na vyama vya siasa vya Waafrika vimefungwa. Mwezi wa Aprili 1954 majeshi yaliizunguka mitaa ya Eastlands katika operesheni iliyoitwa Anvil, na maelfu ya watu wakachukuliwa vizuizini. Katika giza hilo vyama vya wafanyakazi vilikuwa ni takriban mahali pekee ambapo Mwafrika aliweza kukutana na mwenziwe na kusema juu ya mambo yake.

Twaomba msomaji azingatie kwamba chama ni shule. Mtu aliyeishia darasa la nne hupewa daftari la fedha, akalazimika kujua hesabu. Huchaguliwa kuwa karani wa mkutano, akalazimika kuandika kwa ufupi yaliyosemwa na watu ishirini. Hutumwa kwa mwajiri, akalazimika kusoma sheria ya kazi kabla ya kwenda. Mtu huyu husoma kwa kuwa ana haja, na kila anachokisoma jioni hukitumia asubuhi. Serikali ilimleta Mskochi mmoja, James Patrick, awafunze Waafrika namna ya kuendesha vyama, na Mboya alikuwa miongoni mwa walionufaika.

Watu wa Mombasa waliliona tunda la mafunzo hayo mwezi wa Machi 1955. Makuli wa Kilindini waligoma, na kwa siku chache bandari ikasimama. Mboya alikuja kutoka Nairobi, akasimama mbele ya maelfu ya watu wenye hasira, akawaeleza kwa Kiswahili ni yapi yawezekanayo na ni yapi yasiyowezekana. Hakuwadanganya wala hakuwatisha. Waligeuka wakarudi kazini kwa sharti kwamba daawa yao isikizwe, naye akawasemea kwa hesabu ya gharama za maisha, nauli, chakula na kodi ya nyumba. Uamuzi ulipotoka, mishahara iliongezwa kwa kadiri ya theluthi moja. Aliyesoma uchumi kwa posta usiku, huku ndiko alikokuwa akiupeleka.

Mwishoni mwa mwaka 1955 alipata msaada wa masomo, akaenda Uingereza katika chuo cha Ruskin, Oxford. Chuo hiki kiliwekwa mwaka 1899 kwa ajili ya watu wa kazi: wachimba makaa, watu wa reli, wafanyakazi wa viwanda. Hakikutaka kwa mwanafunzi vyeti vya shule ambavyo umaskini umemnyima. Kilitazama kazi aliyoifanya na akili aliyoionyesha. Mafunzo yake yalikuwa ni ya mtu na mwalimu wake. Mwanafunzi hupewa swali, akaenda kusoma, akaandika insha, kisha hukaa na mwalimu na kuitetea insha yake neno kwa neno. Mwalimu hamwambii jawabu. Humuuliza amelijuaje, na itakuwaje kama kinyume chake ndiyo kweli.

Njia hii si ngeni kwetu. Waliosoma mbele ya masheikh wa zamani, kitabu juu ya goti, wajua tofauti ya darsa ambayo mwanafunzi huulizwa na darsa ambayo husikiliza tu akatoka. Mboya alikaa Ruskin mwaka mmoja tu, lakini mwaka huo aliandika kijitabu juu ya suala la Kenya kilichochapishwa London mwaka 1956, na dibaji yake ikaandikwa na Margery Perham, mwanachuoni mashuhuri wa mambo ya makoloni. Mtoto aliyeandika mchangani Kabaa sasa alisomwa na wakubwa wa Uingereza.

Kutoka Oxford alipitia Marekani mwaka huo huo wa 1956. Safari hiyo ilizaa mambo mawili. La kwanza, vyama vya wafanyakazi vya huko vilitoa dola 35,000 za kujengea nyumba ya wafanyakazi Nairobi, nayo ndiyo Solidarity House, iliyo Gikomba, pale pale Eastlands. La pili, alikutana na Mmarekani mmoja, William Scheinman, na kutokana na urafiki wao likaanza lile lililokuja kujulikana kama safari za ndege za wanafunzi.

Hapa yafaa tueleze kwa utulivu, kwani wengi wajua jina la jambo hili na wachache wajua lilivyotendeka.

Katika miaka hiyo mwanafunzi wa Afrika Mashariki aliyetaka chuo kikuu alikuwa na Makerere, na Makerere ilikuwa na nafasi chache. Chuo cha ufundi cha Nairobi kilifunguliwa mwaka 1956, nacho kilikuwa kichanga. Kila mwaka vijana waliofaulu walibaki mlangoni. Serikali ya kikoloni ilisema kwamba wao hawajatimiza masharti ya chuo kikuu, na kwamba vyuo vingi vya Marekani vitakavyowapokea ni hafifu. Mboya aliliona neno hilo kuwa ni duara lisilo na mlango: mtu hafundishwi kwa kuwa hajahitimu, naye hahitimu kwa kuwa hafundishwi.

Katika miezi ya Aprili na Mei 1959 alizunguka Marekani akihutubia vyuo, makanisa na vyama, na alichokiomba kilikuwa ni nafasi za masomo. Vyuo vingi vilikubali. Lakini nafasi ya masomo ni mguu mmoja wa kiti. Mwanafunzi alitaka pasi ya kusafiria na ruhusa ya kuingia. Alitaka chakula na malazi. Alitaka nguo za baridi. Na zaidi ya yote alitaka nauli, ambayo ilikuwa ni kubwa kupita mali ya jamaa nyingi. Basi Mboya na wenziwe, Dakta Gikonyo Kiano na Kariuki Njiiri, waliwachagua wanafunzi na kutengeneza barua zao, na huko Marekani likaundwa shirika la kukusanya fedha. Jackie Robinson mchezaji, Harry Belafonte mwimbaji, na Sidney Poitier mwigizaji waliweka majina yao katika barua ya kuomba michango. Badala ya kununua tikiti moja moja, shirika likakodi ndege nzima.

Huku nyumbani jamaa na vijiji vilifanya karamu za chai na ngoma za kuchanga. Wazee waliuza mbuzi. Kila shilingi ilikuwa na mwenyewe, na mwanafunzi alipopanda ndege alijua kwamba hakupanda peke yake. Mwezi wa Septemba 1959 ndege ya kwanza ilifika New York na wanafunzi 81. Mmoja wao alikuwa Pamela Odede, aliyekwenda kusoma Ohio, naye ndiye aliyeolewa na Mboya mwaka 1962. Mwaka 1960 Mboya alionana na John Kennedy, ambaye wakati huo alikuwa akigombea urais, na wakfu wa jamaa ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Mpaka mwaka 1963 wanafunzi waliopita katika mpango huo walikaribia 800.

Je, walifaulu wale walioambiwa kuwa hawajahitimu? Wengi walifaulu, na sababu mojawapo ilikuwa ni namna ya kufunzwa. Katika utaratibu wa Kiingereza wa siku hizo, mwanafunzi alisoma miaka kadhaa na mwisho akahukumiwa kwa mtihani mmoja mkubwa. Vyuo vya Marekani vilimpima kidogo kidogo: jaribio juma hili, insha mwezi huu, mtihani mwisho wa muhula, na kila alichokipata kikaandikwa. Aliyeteleza mwanzoni alijua mapema kwamba ameteleza, akapata nafasi ya kuinuka. Alipewa mshauri wa masomo. Aliruhusiwa kuosha vyombo jikoni au kupanga vitabu maktabani ili apate fedha. Vyuo vidogo, ambavyo serikali ya kikoloni ilivibeza, vilikuwa na fadhila moja: mwalimu alimjua mwanafunzi kwa jina.

Hatutasema kwamba mambo yote yalikwenda sawa. Wako waliopata vyuo dhaifu, wako walioishiwa na fedha katikati ya mwaka wakasaidiwa kwa dharura, na wote walionja baridi, upweke na ubaguzi wa rangi wa nchi ile. Wako pia waliomlaumu Mboya kwamba aliupata mpango huu kuwa ngazi ya siasa yake. Lakini jumla ya tunda ilikuwa njema, na Kenya ilipopata uhuru Desemba 1963 ilikuta watu wa kushika kazi.

Mfano mmoja watutosha. Wangari Muta, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Wangari Maathai, alikwenda mwaka 1960 katika chuo cha watawa kilichoko Atchison, Kansas. Alipata shahada yake ya kwanza mwaka 1964, ya pili Pittsburgh mwaka 1966, na ya udaktari Nairobi mwaka 1971. Mwaka 1977 alianzisha harakati ya kupanda miti, na miche ya kwanza, saba kwa idadi, ilipandwa Kamukunji, hatua chache kutoka Pumwani. Naye alipowafunza wanawake wa mashamba kuotesha miche hakuwataka vyeti. Aliwaacha watumie walichokijua, na aliyejua akamfunza jirani yake. Mwaka 2004 alipewa tuzo ya amani ya Nobel. Akafariki mwaka 2011.

Watu husema pia kwamba Barack Obama, baba wa aliyekuwa rais wa Marekani, alipanda ndege ya Mboya. Hakuipanda. Alikwenda Hawaii mwaka huo huo wa 1959, na aliyemsaidia sana ni Elizabeth Mooney, bibi wa Kimarekani aliyekuja Nairobi kufundisha watu wazima kusoma na kuandika. Obama alikuwa karani katika kazi yake. Njia waliyoitumia ilikuwa ni ya Frank Laubach: herufi huunganishwa na picha ya kitu ambacho mtu mzima akijua tangu zamani, na kila aliyejua humfunza mwenziwe mmoja. Twalitaja hili kwa sababu lashahidia jambo lile lile, kwamba nyuma ya kila aliyevuka mna mkono uliomshika.

Mambo yaliyobaki ya Mboya ni mashuhuri, nasi tutayapita kwa haraka. Mwaka 1957 alichaguliwa kuwa mjumbe wa Nairobi katika Baraza la Kutunga Sheria, na mwaka 1961 watu wa Nairobi Mashariki walimchagua kwa kura nyingi mno. Alikuwa waziri wa kazi, kisha wa sheria, kisha wa mipango ya uchumi. Alipigwa risasi mchana, akitoka katika duka la dawa mjini Nairobi, akazikwa Rusinga.

Walakini kuna jambo moja la uwaziri wake ambalo insafu yatulazimisha kulitaja, khasa sisi watu wa pwani. Mwaka 1965 ilitoka hati ya serikali iliyoitwa Sessional Paper namba 10, nayo ilitengenezwa katika wizara ya Mboya. Hati hiyo ilisema mambo mengi mazuri juu ya kuondoa ujinga, maradhi na umaskini. Lakini ilishauri pia kwamba fedha za maendeleo zitiwe kwanza pale ambapo zitazaa zaidi, yaani penye ardhi njema, njia na watu waliokwisha kuamka, kisha faida yake iwafikie wengine. Sehemu zilizokuwa nyuma zilibaki nyuma, na wengi wa pwani na kaskazini wamelilalamikia jambo hilo miaka mingi.

Hapa twamtumia Mboya kuwa shahidi juu ya Mboya. Mwaka 1959 alikataa hoja ya kwamba asaidiwe yule tu aliyekwisha kuhitimu. Aliwachukua waliobaki mlangoni, akawapa msaada, wakazaa. Lau kanuni ile ya hati ingalitumiwa kwa mtoto wa nyapara wa katani mwaka 1948, asingalipata hata chumba cha kupimia maziwa. Yaliyo kweli kwa mtu mmoja ni kweli kwa jimbo: hudhaniwa kuwa halina uwezo, kumbe halijashikwa mkono.

Basi tuchukue nini katika maisha haya? Twaona mambo manne.

La kwanza: tuanze na alijualo mtu. Mtu mzima anayekuja kusoma si chombo kitupu. Mvuvi ajua hesabu za sehemu za samaki, mama ntilie ajua faida na hasara, fundi seremala ajua vipimo. Mwalimu anayewakalisha na kuwaimbisha alifu na a-e-i kama watoto huwaaibisha, na mtu mzima akiaibika harudi.

La pili: tumpe afanye, kisha tumsahihishe upesi. Mwezi mmoja bila ya jawabu huua hamu. Neno moja la mwalimu jioni ile ile huihuisha.

La tatu: tutazame yaliyo nje ya darasa. Nauli, taa, chakula cha watoto, saa za kazi, ruhusa ya mume au ya mwajiri: haya ndiyo yafungayo madarasa ya ngumbaru, wala si ubutu wa akili. Mwenye kutoa sadaka ya vitabu amefanya vyema. Na mwenye kumlipia nauli mama mmoja kwa mwaka mzima huenda akawa amefundisha zaidi ya kitabu. Vijana wetu walioko vyuoni Nairobi, wanaopanga vyumba Eastlands mbali na wazee wao, nao wamo katika hukumu hii. Tusiwakumbuke siku ya mahafali tu.

La nne: aliyevuka arudi na kamba. Mboya hakuona elimu yake kuwa ni mali ya sanduku. Alipoupata mlango, aliushikilia wazi mpaka wakapita mamia.

Katika miaka ya 1930 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui aliwaamsha watu wetu kwa gazeti lake la Al-Islah, akiwahimiza kutafuta elimu ya dini na ya dunia. Mwito huo haujatimia kwa kuusoma. Utatimia siku ambayo katika kila mtaa wetu, Mji wa Kale na Majengo, Lamu na Malindi, Pumwani na Eastleigh, patakuwa na taa moja iwakayo baada ya Isha kwa ajili ya mtu mzima anayetaka kujua, na mwalimu anayelijua jina lake, na jirani anayemuuliza usiku asipokuja amepatwa na nini.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe elimu yenye manufaa na atujaalie kuwa wenye kuwafungulia wengine milango. Wabillahi taufiki.